Kozi ya seli inatuhusu na sisi

Katika vyuo vyetu vikuu kuna desturi moja ambayo hakuna anayeihoji. Wa biolojia wako kwao, wa lugha wako kwao. Wale wanasoma seli, jeni na protini. Sisi tunasoma fonimu, viambishi na ngano. Tukikutana, ni kwenye mstari wa kulipa ada au kwenye uwanja wa mpira. Maoni yangu ni kwamba desturi hii inatugharimu pande zote mbili. Kozi ya biolojia ya seli, pamoja na ile ya bioinformatika inayoifuata, haiwezi kufundishwa vema hapa Kongo bila mkono wa kitivo cha lugha. Na sisi tunaosoma isimu ya lugha za Kiafrika hatuwezi tena kufuata utafiti unaofanywa juu ya lugha zetu bila kuelewa sehemu ya kozi hizo. Hoja zangu ni hizi.

Biolojia imeazima maneno ya kazi yetu

Tuanze na mambo yenyewe, maana wasomaji wengi wa jarida hili waliagana na biolojia walipomaliza sekondari. Ndani ya kiini cha seli kuna uzi mrefu wa ADN, ambao wenzetu wa Tanzania na Kenya wanauandika DNA. Wanabiolojia wanauandika uzi huo kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Sehemu ya uzi yenye maagizo ya kutengeneza protini huitwa jeni. Ili protini ipatikane, jeni huandikwa kwanza katika uzi mwingine, ARN, wenye herufi U mahali pa T. Hatua hiyo silabasi inaiita transcription. Kisha ARN husomwa na protini ikajengwa. Hatua hiyo inaitwa traduction.

Maneno hayo si mageni kwetu. Unukuzi na tafsiri tunavisoma tangu mwaka wa kwanza. Na mwanaisimu anaweza kumwonyesha mwanafunzi wa biolojia kwa nini hatua ya kwanza iliitwa unukuzi na ya pili tafsiri, jambo ambalo wengi wanalikariri tu. Zamani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ukichukua barua ya wakati ule ukaiandika kwa herufi za Kilatini, lugha inabaki ileile; kilichobadilika ni maandishi. Huo ni unukuzi, na ADN inapokuwa ARN ni jambo la namna hiyo. Lakini protini haiandikwi kwa herufi nne. Ina alfabeti yake ya asidi amino 20. Kutoka herufi nne kwenda 20 inahitajika kamusi: kila herufi tatu za ARN ni neno moja, na neno hilo linataja asidi amino moja. Maneno yanayowezekana ni 64, na matatu kati yake, UAA, UAG na UGA, hufanya kazi ya nukta mwishoni mwa sentensi. Neno la kwanza la kamusi hiyo lilisomwa mwaka 1961, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walipoonyesha kwamba UUU inaleta asidi amino iitwayo fenilalanini. Kufikia 1966 kamusi nzima ilikuwa imejulikana.

Herufi hizo hazina nafasi kati ya maneno. Anayesoma lazima ajue pa kuanzia. Chukua sentensi hii: MTUANAMKEPIA. Ukianza kwenye M unapata MTU ANA MKE PIA. Ukiiruka M, unapata TUA NAM KEP IA. Neno la kwanza bado linaonekana kuwa Kiswahili, kisha kila kitu kinaharibika. Ndivyo inavyotokea jeni inapopoteza herufi moja: kuanzia pale, usomaji wote unahama. Mfano huu unachukua dakika mbili ubaoni, na unaeleweka na mtu yeyote anayejua kusoma.

Sisemi kwamba ADN ni lugha. Haina msemaji wala msikilizaji, na hakuna aliyekusudia kusema kitu. Ni sitiari. Ila kozi ya seli imejaa sitiari tangu jina lake. Robert Hooke alitumia neno hilo mwaka 1665, baada ya kuona kwa hadubini vijumba vitupu katika kipande cha gamba la mti, na katika Kilatini cella ni chumba kidogo. Mwanafunzi asiyejua sitiari inaanzia wapi na inaishia wapi atafikiri kwamba jeni "inasema" na seli "inasikia", kama watu wawili sokoni. Kuonyesha mpaka huo ni kazi tuliyofundishwa sisi.

Ugonjwa wa herufi moja

Sasa niseme kwa nini jambo hili si mchezo wa maneno. Hakuna mtaa wa Lubumbashi usiojua neno SS. Ni ugonjwa wa damu ambao silabasi inauita drépanocytose, Tanzania wanausema sikoseli, na wanasanifu wa maneno wameupa jina selimundu. Ndani ya jina la Kifaransa umejificha mundu uleule, kwa Kigiriki.

Chanzo chake ni herufi moja. Sehemu moja ya hemoglobini, iitwayo beta, ni mnyororo wa asidi amino 146. Kwa mwenye SS, neno la sita katika jeni ya mnyororo huo, ambalo lingekuwa GAG, limeandikwa GTG. A imekuwa T. Basi mahali pa asidi glutamiki inakaa valini. Hemoglobini ya namna hiyo ikiisha kuachia oksijeni inashikana, na chembe nyekundu ya damu inajikunja kama mundu, inaziba mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Sisi tunajua mambo ya namna hii: pata na bata zinatofautiana kwa sauti moja, na maana imekwenda mbali.

Nilimwona mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza wa biolojia, jirani yetu, akiulizwa na mama mwenye mtoto wa SS: "Weye njo unasomaka ile mambo. Damu ya mutoto wangu iko na nini?" Kijana alikuwa amefaulu kozi ya seli. Alianza kwa Kifaransa, neno kwa neno kama lilivyo kwenye silabasi, kisha akanyamaza. Mama akasema, "Aksanti, mwanangu," akaenda zake. Kijana huyo si mjinga. Hakuna mtu aliyewahi kumtaka aseme anachojua kwa lugha ambayo angeulizwa nayo.

Hasara ya pale haikuwa aibu ya kijana tu. Mtoto hupata SS akipokea herufi iliyobadilika kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Wazazi wenyewe mara nyingi ni AS, wazima kabisa. Asiyeelezwa hivyo atamshitaki mama peke yake, au atataja ulozi, na nyumba itavunjika. Tena kuna ile hesabu. Wazazi wawili wa AS, kila mimba ina uwezekano wa robo kuleta mtoto wa SS. Silabasi inaandika 1/4. Ukiitafsiri ovyo, "mtoto mmoja kati ya wanne," mzazi atasikia kwamba akishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Si kweli: kila mimba inaanza hesabu upya. Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni tofauti ya lugha, na inaweza kuamua kama watu watapima damu kabla ya kuoana au la.

Hata neno "kurithi" lina mtego. Kwa watu wengi urithi ni kile anachoacha marehemu: nyumba, shamba, masanduku. Ukimwambia baba aliye hai kwamba mwanawe amemrithi ugonjwa, umesema jambo la ajabu. "Kupokea" au "kupewa nusu na kila mzazi" inapita vizuri zaidi. Uchaguzi wa namna hii ni kazi ya semantiki, na daktari hana wakati wa kuifanya.

Lugha tatu kwa kozi moja

Mwanafunzi wa bioinformatika wa upande huu wa nchi anabeba lugha tatu. Nyumbani ni Kiswahili, pamoja na Kisanga, Kiluba, Kibemba au Kinande. Darasani ni Kifaransa. Akiketi mbele ya kompyuta ni Kiingereza, maana programu na maelezo yake vimeandikwa kwa Kiingereza. Mtandao wa bioinformatika wa bara letu, H3ABioNet, ulianzisha mwaka 2016 kozi ya mbali ya mwanzo kwa ajili ya vyuo vya Afrika. Ni kazi ya kusifiwa, na ilifundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wetu anayeshindwa hapo, hatujui kama ameshindwa biolojia, Kifaransa au Kiingereza. Anayesahihisha mtihani naye hajui.

Na tusiseme kwamba bioinformatika ni anasa ya mataifa tajiri. Virusi vya Ebola vilijulikana kwa mara ya kwanza mwaka 1976 kutokana na mlipuko wa Yambuku, na Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika pale. Taasisi yake, INRB, imesoma herufi za virusi Kinshasa na Goma. Mwaka 2023 mpox ilipoanza kuenea Kamituga, katika Kivu ya Kusini, ni kwa kusoma jenomu ya virusi hivyo, yenye herufi karibu 197,000, ndipo ilipoonekana kwamba ni tawi jipya linalopita kutoka mtu kwa mtu. Tawi hilo likaitwa Ib, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari ya kimataifa. Kamituga ni mji wa wachimba dhahabu, na watu wake wanaongea Kiswahili.

Tuongeze somo la Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200. Shirika la Translators without Borders lilichunguza ujumbe waliopewa wananchi, likaona kwamba Kifaransa na hata Kiswahili sanifu havikueleweka vizuri kwa wengi. Watu walitaka kuelezwa kwa Kiswahili wanachoongea wenyewe au kwa lugha za kwao. Maneno yalichaguliwa haraka, ugonjwa ukiwa umeshaingia. Kazi hiyo ingefanywa mapema na kwa utulivu, darasani.

Miti ya lugha zetu inapandwa kwa zana zao

Hadi hapa nimesema tunachoweza kuwapa. Sasa niseme tunachohitaji kutoka kwao.

Mwaka 2015 Rebecca Grollemund na wenzake, akiwemo mwanaisimu Koen Bostoen na mwanabiolojia Mark Pagel, walitoa mti wa lugha za Kibantu zaidi ya 400. Walionyesha kwamba wazee wetu walifuata njia za savana kuukata msitu, na kwamba pale walipoingia msitu wenyewe walichelewa kwa wastani wa miaka 300 hivi. Ni utafiti juu ya nchi yetu na lugha zetu. Njia ya hesabu waliyotumia imetoka katika biolojia; ni ya jamii moja na ile inayotumika kupanga matawi ya virusi. Mwaka 2024 tena, uchunguzi mkubwa wa jeni za watu wa Kibantu ulitolewa, na matokeo yake yakalinganishwa na yale ya isimu. Mwanafunzi wa isimu asiyejua mti wa namna hiyo unajengwaje ana njia mbili tu: kuuamini au kuukataa. Kuujadili hawezi.

Wala mwanzo wa somo hilo si mgumu. Unahitaji karatasi ya miraba na penseli, hata siku ambayo umeme umekatika. Tazama neno la "mtu":

Kibemba: u m u n t u
Tshiluba: – m u n t u
Lingala: – m o – t o
Kiswahili: – m – – t u

Kuweka sauti zinazolingana chini ya sauti zinazolingana, na kistari mahali palipopungua, ndiko wanabiolojia wanakofanya kwa herufi za jeni. Saul Needleman na Christian Wunsch walitoa kanuni ya kuifanya kazi hiyo kwa hesabu mwaka 1970. Programu ya BLAST, iliyotoka mwaka 1990, inatafuta kwa haraka mfanano katika hazina kubwa ya herufi, na kuitumia kwenye intaneti ni bure. Maswali nayo ni yaleyale. Ukiwa na Kiswahili na Tshiluba tu, huwezi kujua kama n ilipotea upande mmoja au iliongezwa upande mwingine. Lazima ulete ndugu wengine. Ukiona n imeenea katika lugha nyingi zilizo mbalimbali, unasema ilikuwapo tangu mwanzo, Kiswahili na Lingala zimeipoteza. Mwanafunzi wa bioinformatika anauliza hivyohivyo juu ya herufi iliyopungua katika jeni.

Tena sisi tuna onyo la kuwapa. Neno "meza" la Kiswahili na mesa la Kireno yanafanana sana, wala si ndugu wa kuzaliwa; ni mkopo. Bakteria nazo hukopeshana jeni bila kuzaana. Anayejenga mti kwa kuhesabu mfanano tu, bila kutenga mikopo, ataipanda Kiswahili kando ya Kireno.

Wanaopinga

Najua watakaosema kwamba sayansi ni ya Kifaransa na Kiingereza, na kwamba kuileta kwa Kiswahili ni kuwafungia vijana mlango. Sijaomba kozi ihame Kifaransa. Naomba mwanafunzi aweze kuisema na kwa lugha nyingine. Anayeweza kueleza jambo kwa lugha mbili amelielewa. Anayeweza kwa moja tu huenda amelikariri. Katiba ya 2006, katika ibara yake ya kwanza, imeiacha Kifaransa kuwa lugha rasmi na imeitaka serikali iziendeleze Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Hayo mawili yanakaa pamoja.

Wengine watasema kazi imeshafanywa Tanzania, tuchukue kamusi zao. Tuzichukue, ndiyo, tena kwa shukrani. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu zamani. Lakini tusisahau kwamba Tanzania yenyewe, pamoja na kamusi hizo, sekondari yake bado inafundisha kwa Kiingereza. Maneno peke yake hayafungui darasa. Na neno lililosanifiwa Dar es Salaam halieleweki Kenya, nasema Kenya yetu ya hapa Lubumbashi, kwa kuwa tu limechapishwa. "Kimeng'enya" ni neno zuri lililoundwa kwa akili, kutokana na kitenzi kumeng'enya. Muulize muuzaji wa Katuba. Huenda "anzimu", kwa matamshi ya Kifaransa, ikafika mbali zaidi pamoja na maelezo mafupi: kitu cha seli kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuisha. "Utando" na "kiini", kwa upande mwingine, vinaeleweka mara moja, maana watu wanajua utando wa buibui na kiini cha yai. Kila neno lipimwe kwa masikio ya watu.

Na kuna wa tatu, walimu wetu, watakaosema ratiba imejaa. Ni kweli imejaa. Ndiyo maana pendekezo langu ni dogo.

Tufanye nini

Kwanza, vikao viwili kwa muhula katika kozi ya biolojia ya seli viongozwe na asistanti wa kitivo cha lugha pamoja na wa biolojia: kimoja juu ya sitiari na maneno ya jeni, kingine juu ya kuwaeleza watu wasiosoma.

Pili, mtihani wa kozi hiyo uwe na dakika tano za mdomo. Mwanafunzi achague jambo moja, SS, chanjo au mpox, alieleze kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine ya taifa mbele ya mtu asiyesoma biolojia. Asiyesoma biolojia tupo wengi; tutakuja kusikiliza.

Tatu, kozi yetu ya isimu linganishi ichukue saa chache za mazoezi kutoka kozi ya bioinformatika: kulinganisha herufi kwenye karatasi, kisha kwenye kompyuta inapopatikana. Tuna orodha za maneno ya lugha za kwetu zinazolala katika TFC za miaka iliyopita. Zitolewe kabatini, ziwe data ya mazoezi kwa pande zote mbili.

Nne, jarida hili litenge ukurasa mmoja kila toleo kwa maneno kumi ya seli na jeni, kila moja na sentensi yake ya maelezo, baada ya kujaribiwa kwa akina mama wa mitaani. Neno lisiloeleweka mara tatu litolewe.

Mfumo wa LMD unatuambia kwamba krediti zinaweza kuvuka kutoka kitivo hadi kitivo. Basi tuombe zivuke. Viongozi wa madarasa ya biolojia na ya lugha za Kiafrika wakae pamoja kabla ya mitihani ya muhula huu, waandike barua moja, waipeleke kwa madekano wawili kwa siku moja. Mimi niko tayari kuandika rasimu, na kwa orodha ya maneno kumi ya kwanza nimeanza na chembe, kiini, utando, jeni na SS. Matano yaliyobaki nawaachia wa biolojia wayachague.